Maswali ya Wasomaji: Majitaka ya Mji Mdogo Yaende Wapi?

Tuliwaomba mtuandikie kuhusu majitaka na mmeandika mpaka nafasi imekuwa ndogo, kwa hiyo nimechagua maswali machache ambayo naona yanawagusa wengi wanaoishi miji midogo, ile iliyoacha kuwa kijiji ila haijapata mabomba ya majitaka ya kueleweka. Nimeyafupisha kidogo na majina nimeyaondoa.

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji, mji wetu una watu kama elfu tano. Tumepata mfadhili wa kutujengea sehemu ya kusafisha majitaka na sasa kamati imegawanyika, vijana wanataka ule mtambo wa kisasa unaopuliza hewa kwa umeme, wazee wanasema tuchimbe mabwawa tu. Mimi niko katikati. Tushike lipi?

Marahaba mjumbe. Kama ardhi mnayo na iko chini ya mji ili maji yateremke yenyewe bila pampu, chimbeni mabwawa.

Mtambo wa kupuliza hewa siudharau hata kidogo, ni teknolojia nzuri na ina zaidi ya miaka 100, walioianzisha ni Edward Ardern na William Lockett pale Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na miji mikubwa mingi duniani inaitegemea mpaka leo. Kinachofanyika mle unawafuga bakteria kwenye tangi, unawapulizia hewa usiku na mchana, wao wanakula uchafu alafu wanatuama chini kama tope, tope lingine unalirudisha kwenye tangi kazi iendelee na lingine unalitoa. Sasa hapo kwenye usiku na mchana ndo penye shida kwa mji mdogo. Karibu nusu ya umeme wote wa mtambo wa aina hii unaenda kwenye kupuliza hewa tu, na umeme ukikatika kwa muda mrefu au mashine ya hewa ikaungua na kipuri kikawa cha kuagiza mbali, bakteria wanakosa oksijeni wanakufa, na kuanzia hapo majitaka yanaingia upande huu na kutokea upande ule yakiwa vilevile. Mitambo mingi iliyokufa kwenye miji midogo imekufa kwa njia hiyo, ujenzi wake haukuwa na kasoro yoyote.

Kwenye mabwawa kazi ni ileile ya bakteria ila oksijeni inatoka kwa mwani, ile mimea midogo sana inayofanya maji yawe kijani. Mwani unatumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, bakteria wanaitumia kula uchafu, wakila wanatoa kaboni dayoksaidi ambayo mwani unaihitaji, wanalishana hivyo kila siku jua linapochomoza na hakuna mtu wa kuwatumia bili.

Tupige hesabu kidogo maana najua mkutanoni mtaulizwa. Uchafu wa mtu mmoja kwa siku unahitaji kama gramu 45 za oksijeni ili bakteria waumalize, kipimo hicho mtakisikia kwa wataalamu kinaitwa BOD. Watu 5,000 ni kilo 225 kwa siku. Bwawa la kwanza linakuwa la kina kirefu, mita 3 mpaka 5, halina hewa ndani, na kama mwezi wenu wa baridi kuliko yote una wastani wa nyuzi joto 20 basi kila mita ya ujazo inabeba gramu 300 kwa siku, kwa hiyo mnahitaji mita za ujazo 750 tu, ni shimo dogo sana ukilinganisha na kazi linayofanya maana hapo asilimia 60 ya uchafu inaondolewa. Zinatoka kilo 90 zinaingia bwawa la pili, hili ni la kina cha mita moja na nusu hivi ndo lenye mwani, na kwa joto hilohilo hekta moja inabeba kama kilo 250 kwa siku, kwa hiyo ninyi mnahitaji kama hekta 0.36. Baada ya hapo yanafuata mabwawa ya mwisho ya kina cha mita moja hivi kwa ajili ya kuua vijidudu. Ukiweka kingo, njia ya gari, na mabwawa mawili mawili sambamba ili moja likitolewa tope jingine lifanye kazi (hili la mawili sambamba msikubali lifutwe kwenye michoro hata wakisema bajeti imebana), tengeni hekta moja na nusu mpaka mbili mtakuwa salama. Sehemu ya baridi zaidi itahitaji eneo kubwa zaidi, kwa nyuzi 15 hekta moja inabeba kama kilo 165 tu.

Ila mjumbe naomba hapa unisikilize vizuri kuliko pote. Tope la bwawa la kwanza linaongezeka kama lita 40 kwa kila mtu kwa mwaka, kwa watu 5,000 hizo ni mita za ujazo 200 kila mwaka, na linatakiwa litolewe likifika theluthi ya bwawa yaani mita 250. Maana yake kila baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa mtalipia kazi ya kutoa tope, milele. Mabwawa yana sifa ya kutohitaji kitu na sifa hiyo ndo inayoyaua, watu wanachimba, wanakata utepe, wanaondoka, miaka mitano baadae bwawa la kwanza limejaa tope mpaka juu na uchafu wote unapita moja kwa moja kwenda la pili. Kwa hiyo kabla hamjasaini chochote andikeni kwenye makubaliano nani atalipwa mshahara wa kuangalia mabwawa na hela ya tope itatoka kwenye mfuko gani, na hilo liamuliwe kabla ya kuamua mabwawa au mashine. Kama hamna jibu la hilo swali basi hata mabwawa yatawashinda.

Na kama ardhi kweli haipo, kuna njia za katikati, mfano yale matangi yanayopitisha majitaka kutoka chini kwenda juu kwenye tope zito, kazi ya Gatze Lettinga wa Uholanzi miaka ya 1970, hayapulizi hewa kabisa na yanafaa sana sehemu za joto, ila yanahitaji hatua nyingine baada yake na fundi anayejua anachofanya.

Habari za kazi. Mimi ndo naangalia mabwawa ya majitaka ya mji wetu, niko peke yangu. Bwawa la pili lilikuwa kijani siku zote, sasa limegeuka kama pinki kwenda zambarau na harufu ya mayai viza imezidi, majirani wanalalamika kila siku. Bosi wangu anasema nimwage klorini. Nimwage?

Usimwage. Klorini itamaliza mwani uliobaki na ndo mwisho wa bwawa, na mwonyeshe bosi wako hapa nilipoandika.

Pole kwanza kwa kuwa peke yako, na hongera kwa kuona rangi imebadilika maana wengi hawaangalii. Hiyo zambarau ni bakteria wa salfa, wanapenda sehemu isiyo na oksijeni ila yenye mwanga, na chakula chao ni haidrojeni salfaidi, gesi hiyohiyo inayonuka mayai viza. Wao wenyewe sio adui, wanaipunguza hiyo gesi, ila kuonekana kwao kunakwambia uchafu unaoingia umezidi uwezo wa mwani, na gesi hiyo ikizidi inaua mwani kwa hiyo mambo yanazidi kuharibika yenyewe kwa yenyewe. Lingekuwa jeusi kabisa ningekwambia limeshakufa, likiwa pinki bado unaliwahi.

Sasa tafuta uchafu umezidi kwa sababu gani. Anza getini, je kuna magari ya kunyonya vyoo yanamwaga hapo? Tope la chooni linaweza kuwa kali mara 10 mpaka 100 kuliko majitaka ya kwenye bomba, gari moja likimwaga asubuhi ni kama mtaa mzima umehamia kwako ghafla, na kwenye mji mdogo magari matatu kwa siku yanaweza kabisa kuua bwawa. Hayo magari hayatakiwi kuzuiwa, maana ukiyazuia yatamwaga mtoni, yanatakiwa yawe na vitanda vyake vya mchanga vya kukaushia tope ili yanayoingia kwako yawe maji yaliyochujwa tu. Kwa sasa andika kwenye daftari kila gari, saa na siku, hilo daftari litakusaidia kuliko maneno.

Alafu pima tope kwenye bwawa la kwanza. Chukua mti mrefu, sehemu ya chini uzungushie taulo jeupe ulifunge vizuri, panda mtumbwi mkiwa wawili na maboya mmevaa, uzamishe mti wima taratibu mpaka uguse chini, subiri kidogo, toa taratibu. Tope litaacha weusi kwenye taulo na maji hayataacha, unapima pale weusi unapoishia. Fanya sehemu kadhaa utafute wastani. Ikifika theluthi ya kina bwawa linadai kutolewa tope na hakuna dawa nyingine.

La tatu angalia kama maji yanakatiza njia. Bwawa linaweza kuwa na nafasi ya kukaa maji siku 15 lakini yakiingia kona moja na kutoka kona iliyo karibu yanapita kwa siku mbili tu, ukitupa kitu kinachoelea nusu kimezama kama chungwa pale maji yanapoingia ukakifuatilia utaona kinaelekea wapi. Hapo unaweka kizuizi cha kuyazungusha, hata cha mbao na turubai zito kinasaidia.

Wakati unatafuta chanzo, mambo unayoweza kuanza kesho: punguza maji yanayoingia bwawa hilo kama lipo jingine sambamba, na ukipata pampu ndogo vuta maji ya kijani ya bwawa la mwisho uyarudishe mwanzo wa hili la pili, yanakuja na mwani hai na oksijeni. Utando wowote unaoelea juu ya bwawa la pili utoe maana unaziba jua. Ila ule ukoko juu ya bwawa la kwanza uache, unazuia harufu, ukiona inzi wamezidi uloweshe tu kwa maji ya bwawa la mwisho. Kata majani ya kingoni, mbu wanazaliana hapo kwenye majani, katikati ya bwawa hawapati nafasi. Usitegemee kijani kirudi kwa siku mbili, inachukua wiki kadhaa, na majirani waambie ukweli huo, watu wakielezwa nini kinafanyika wanavumilia zaidi kuliko tunavyodhani.

Habari. Nimeambiwa nitie hamira kwenye karo la choo kila mwezi ili lisijae. Ni kweli?

Hapana mama, hamira peleka jikoni. Bakteria wa kazi hiyo wanaingia wenyewe kila mtu anapoenda chooni, wapo wa kutosha, na zile dawa za pakiti zinazouzwa kwa jina la kula tope hazijawahi kuondoa ulazima wa kunyonya. Sehemu ya tope haiozi kabisa, inabaki chini na inaongezeka.

Tumia ile hesabu niliyompa mjumbe hapo juu, lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Nyumba ya watu sita ni lita 240 kwa mwaka, kama karo lenu la vyumba viwili lina lita 3,000 theluthi yake ni lita 1,000, kwa hiyo mnanyonya kila baada ya miaka minne hivi. Watu wengi wanangoja mpaka choo kirudishe maji ndani ndo waite gari, hapo mmeshachelewa sana maana tope limeshapita kwenda kwenye shimo la kunyonyea maji ardhini na kuziba udongo, na udongo ukishaziba kuurudisha ni kazi kubwa, mara nyingi mnachimba shimo jipya kabisa. Gari la kunyonya ni bei ndogo kuliko shimo.

Msiingize maji ya mvua ya bati kwenye karo hata siku moja, yanasukuma tope lote nje. Mafuta ya kupikia yaliyobaki, nepi, pedi, vitambaa vile vya kufutia vyenye unyevu hata kama pakiti imeandikwa vinafaa kutupwa chooni, vyote viende kwenye taka. Klorini ya kuoshea choo kidogo haidhuru, ukimwaga galoni zima unawaua hao bakteria. Na fundi akija mwambie afungue mfuniko wa chumba cha kwanza, wengi wananyonya maji ya chumba cha pili wakakuachia tope palepale lilipo.

Kisima chetu kiko hatua kama 15 kutoka shimo la choo la jirani. Tunachemsha maji ya kunywa. Tupo salama?

Kuchemsha kunaua bakteria, virusi na mayai ya minyoo, hapo mmefanya vizuri na msiache. Lakini kuna kitu kuchemsha hakukitoi, nacho ni naitreti. Mkojo una naitrojeni nyingi, ikifika kwenye udongo wenye hewa inageuka naitreti, na naitreti inasafiri na maji ya chini kwa chini bila kushikwa na udongo, mkichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki palepale kwa hiyo inakuwa nyingi zaidi kwenye kila glasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 50 kwa lita, na sababu kubwa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, damu yao inashindwa kubeba oksijeni wanageuka rangi ya samawati. Kama kuna mtoto wa chini ya miezi sita hapo nyumbani anayetengenezewa maziwa, msitumie hicho kisima kabla ya kupima, hili nalisema kwa msisitizo wote.

Kwa kawaida tunasema mita 30 kati ya choo na kisima, na chini ya shimo la choo kubaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini wakati yamepanda kuliko wakati wowote, yaani masika sio kiangazi. Kisima kikae upande wa juu. Hizo mita 30 ni za udongo wa kawaida, kwenye mwamba wenye nyufa au mawe ya chokaa uchafu unaweza kusafiri mbali sana kwa muda mfupi, hapo mita hazina maana tena. Nyumba zikishabanana namna hiyo suluhisho linaacha kuwa la nyumba moja moja, mji mzima unatakiwa uvute maji kutoka kwingine au utoe majitaka kwa bomba.

Mtaalamu, maji yanayotoka bwawa la mwisho ni kijani na yanastawisha sana. Tunaweza kumwagilia mboga?

Inategemea mboga gani na mnamwagiliaje.

Hofu kubwa hapa ni mayai ya minyoo, hasa minyoo ya mviringo ile mikubwa, mayai yake yanaweza kukaa kwenye udongo miaka na yasife. Habari njema ni kwamba mayai ni mazito yanazama, maji yakikaa kwenye mabwawa siku 8 mpaka 10 kwa jumla karibu yote yanakuwa yamebaki kwenye tope. Bakteria wanachukua muda zaidi, wao wanauliwa kwenye mabwawa ya mwisho, na wanaowaua ni mwani na jua. Mchana mwani unavuta kaboni dayoksaidi nyingi mpaka maji yanapanda kupita 9 kwenye kipimo cha asidi kinachoitwa pH na bakteria wa kinyesi hawaivumilii hali hiyo, ukichanganya na jua na oksijeni nyingi wanakwisha haraka. Ndo maana mabwawa ya mwisho hayana kina, na ndo maana bwawa lililofunikwa na magugumaji halisafishi.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo kwa mboga zinazoliwa mbichi, yai lisizidi moja kwa lita na bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100. Mwaka 2006 wakaja na mwongozo mpana zaidi, kwamba kinga iwekwe hatua kwa hatua, kwenye bwawa, shambani, sokoni mpaka jikoni. Kwa hiyo kama maji yenu hayajapimwa maabara anzeni na miti, majani ya mifugo baada ya kukaushwa, na mazao yanayopikwa au kumenywa. Mpitishe maji kwenye mifereji au matone chini ya mmea, msirushe juu ya majani, mwache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna ili jua lifanye kazi. Vaeni buti na glavu. Mboga mbichi za majani subirini majibu ya maabara, na kama kuna karakana ya betri, kiwanda cha ngozi au gereji kubwa inamwaga kwenye bomba lenu msile chochote kutoka hapo mpaka metali zipimwe, maana mabwawa hayaondoi metali, yanazihifadhi kwenye tope.

Tope lenyewe lililokaushwa msilipeleke shambani moja kwa moja, hata likionekana kavu linaweza kuwa na mayai hai. Litengenezwe mboji inayopanda joto kupita nyuzi 55 kwa siku kadhaa na kugeuzwa ili kila sehemu ipate hilo joto.

Maji yakitoka yanang'aa hayana rangi si ndo yamesafishwa vizuri?

Hapana, na maji ya kijani kutoka bwawa zuri yanaweza kuwa salama kuliko maji meupe kutoka mtambo uliokosa hatua ya kuua vijidudu. Mng'ao unakwambia chembe zimetoka. Ule uchafu ulioyeyuka unapimwa kwa kuyafungia maji kwenye chupa gizani siku 5 kwa nyuzi 20 kuona oksijeni imepungua kiasi gani, ndo hiyo BOD ya siku zote. Kiwango maarufu cha miligramu 20 kwa lita za BOD na 30 za chembe kilitoka kwa tume ya kifalme ya Uingereza mwaka 1912, na walikiweka kwa sharti kwamba mto unaopokea una maji ya kutosha kuyachanganya, angalau mara 8. Hilo sharti linasahaulika sana. Kijito cha mji mdogo kiangazi mara nyingi ni majitaka yenu matupu yanayotembea, kwa hiyo hata mkifikia 20 na 30 kijito hakina cha kuchanganyia.

Sisi mtambo tunao na unafanya kazi, ila nyumba nyingi hazijaunganishwa. Mabomba ni ghali na mitaa ni myembamba. Kuna njia?

Ipo, na nafurahi umeuliza maana mabomba ndo yanayokula hela nyingi kuliko hata mtambo na watu wanayaacha mwishoni. Gharama kubwa ni kina cha mtaro, ukichimba mita tatu katikati ya barabara unahitaji mashine, kuta za kuzuia udongo, chemba kubwa za zege. Kule Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji wa Natal, walijaribu kitu kingine, badala ya bomba kubwa barabarani wakapitisha bomba jembamba la milimita 100 nyuma ya nyumba au chini ya njia za waenda kwa miguu, kina kifupi kwa sababu magari hayapiti juu yake, mteremko wa 1 kwa 200 unatosha, na chemba ndogo ndogo rahisi. Nyumba za kundi moja zinakubaliana bomba lipite wapi na zinashirikiana kulitunza. Ikaenea nchini kwao na kwingine.

Hayo makubaliano ndo magumu, kuna jirani atakataa bomba lipite uani kwake. Keti nao mapema, kabla ya mchoro. Na nyumba zisizo na maji ya kutosha zisiunganishwe kwa nguvu, bomba bila maji linaziba, hao wabaki na karo zuri na gari la kunyonya lenye ratiba.

Shikamoo. Mdogo wangu anafanya kazi ya kuzibua chemba na kutapisha vyoo, anaingia mwenyewe na ndoo. Anasema kabla ya kuingia wanashusha taa ya moto, ikiendelea kuwaka hewa ni safi. Mimi naogopa. Nimwambie nini?

Marahaba. Una haki ya kuogopa, na naomba mpigie leo usisubiri kuonana.

Hiyo taa ni hatari mara mbili. Kwenye chemba kuna methani, ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa mwali mdogo tu. Na taa inaweza kuendelea kuwaka vizuri kabisa huku haidrojeni salfaidi ikiwa imejaa ya kutosha kuua, kwa sababu gesi hiyo inaua kwa sumu, oksijeni ikiwepo au isiwepo. Ni nzito kuliko hewa inakaa chini. Wafanyakazi wanategemea pua, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, harufu inapotea na mtu anadhani gesi imekwisha kumbe imeongezeka, na ikipita 700 hivi mtu anaweza kuzimia kwa pumzi moja au mbili. Mara nyingi tope linaonekana limetulia tu, mtu akilikoroga kwa mguu au koleo ndo gesi yote iliyokuwa imefungwa humo inatoka kwa pamoja.

Na kitu kinachoniumiza kuliko vyote kwenye ajali hizi ni kwamba mara nyingi hafi mmoja. Wa kwanza anaanguka, mwenzake anaruka kumtoa, naye anaanguka, anakuja wa tatu ambaye mara nyingi ni ndugu. Mwambie mdogo wako na wenzake wote, mwenzenu akianguka mle msiingie, pigeni simu ya zimamoto, na kama alikuwa amefungwa mkanda wenye kamba mvuteni kwa kamba kutoka juu. Hiyo kamba ndo tofauti.

Kazi hii inatakiwa kufanywa kutoka juu, kwa bomba la gari la kunyonya au fimbo ndefu za kuzibulia. India imepiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2013 kumtuma mtu kusafisha kinyesi kwa mikono au kumuingiza kwenye mitaro na makaro bila vifaa vya kinga, na huko bado watu wanakufa, ndo ujue sheria peke yake haitoshi, wanaolipa kazi ndo wanatakiwa kukataa kulipia kazi ya namna hiyo. Kuna mashimo magumu ambayo hakuna namna lazima mtu ashuke, hapo ni mpaka kuwe na kipima gesi cha mashine kinachopima oksijeni, methani na salfaidi kabla na wakati wote akiwa ndani, feni ya kupuliza hewa safi, mkanda na kamba yenye winchi, na watu wawili juu ambao hawafanyi kazi nyingine yoyote. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii gesi hata kidogo.

Kama tajiri wake hana vitu hivyo mdogo wako asishuke, na ninyi nyumbani mkae naye muone mtamsaidiaje siku hiyo aliyokosa ujira, maana hapo ndipo anaposhindwa kukataa. Mwambie pia chanjo za pepopunda na homa ya ini azikamilishe, na akiumwa kichwa, macho kuwasha au kichefuchefu baada ya kazi aende kituo cha afya aseme wazi alikuwa kwenye chemba ili daktari ajue anatibu nini.